Kabla Hujafungua Redio ya Jeshi

Fundi wa redio huogopa umeme. Mimi nilianza kushika solda nikiwa bado mwanafunzi pale Tanga, kwenye kibanda cha fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza redio za National na Philips, na siku ya kwanza alinionesha jambo moja tu: mkono mmoja kazini, wa pili mfukoni. Ukiguswa na umeme mkono mmoja utaruka na kutukana. Ukishika kwa mikono miwili, unapita kifuani. Kwa hiyo nilipoanza kununua redio kuukuu za jeshi hapa Marekani nilijiona niko tayari. Glavu ninazo, transfoma ya kupandisha umeme kidogo kidogo ninayo, uzoefu ninao. Kilichokuja kunikosesha usingizi hakikuwa umeme. Naandika haya kwa sababu vijana wetu kadhaa walioko huku wameanza kunipigia simu wakiuliza zinauzwa wapi, na ninapowaambia habari za vumbi lenye mionzi lililomo ndani yake wananiona mzee mwoga.

Kwanza, zinauzwa kila mahali. Marekani ilitengeneza redio kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha Korea, kisha Vietnam, na kila vita ilipokwisha maghala yalibaki yamejaa. Mwaka 1946 serikali iliunda shirika zima, War Assets Administration, kazi yake ikiwa kuuza mabaki. Wapenzi wa redio za ridhaa wa kizazi kile walijenga vituo vyao kwa mitumba hiyo, na wengi walikuwa wametoka vitani, wamefundishwa vifaa hivyohivyo jeshini. Sasa wengi wao wametangulia mbele ya haki, na watoto na wajukuu ndio wanaosafisha gereji. Aliyenunua mwaka 1947 alinunua kwa mtu aliyekijua kitu. Wewe unanunua kwa mjukuu.

Soko lenyewe kubwa ni Hamvention, mkutano wa wapenzi wa redio za ridhaa, kila mwezi wa Mei. Lilianza mwaka 1952 mjini Dayton, Ohio, na tangu 2017 linafanyika Xenia, kwenye viwanja vya maonyesho vya wilaya ya Greene. Ndani ya mabanda wako wenye kampuni na redio mpya zinazometameta. Huko usiende kwanza. Gulio liko nje, kwenye majani: watu wamefungua buti za magari, wametandika maturubai, na juu yake kuna mita, valvu (zile balbu za kioo za redio za zamani), transfoma, nyaya, saa za ndege, simu za mahandakini. Vingi vina kikaratasi kilichoandikwa kwamba havijajaribiwa. Kwa uzoefu wangu maana ya kikaratasi hicho ni kwamba mwenyewe alijaribu, ikamshinda.

Nilikuwa natafuta kipokezi cha R-390A. Kampuni ya Collins ilikibuni miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi: valvu 26, kinashika kuanzia kilohertz 500 mpaka megahertz 32, na namba za masafa zinazunguka kwa gia, kama zile za kuhesabu kilomita kwenye dashibodi za magari ya zamani. Sababu yangu ilikuwa ya moyoni. Zanzibar imekuwa ikirusha matangazo kwa miaka mingi kutoka mitambo ya Dole kwenye kilohertz 11735, na mtu aliyeko Ohio anayapata kwa taabu, yamechoka, yamefunikwa na mikwaruzo. Wazee wa klabu yetu walisema kama kuna redio ya kuichambua sauti ile ni R-390A. Basi.

Nyingi zilizokuwa sokoni zilikuwa na matundu mawili usoni, pale zilipokuwa mita. Niliuliza, nikaambiwa jeshi lenyewe liling'oa mita kabla ya kuziuza. Niliyoipenda mimi ilikuwa nazo zote mbili, na kwa ajili hiyo muuzaji akaongeza dola 150 juu ya bei ya wenzake. Mita halisi hizo, alinisisitizia, utazitafuta usizipate. Nikatoa dola 600. Hakuna aliyejiuliza, yeye wala mimi, jeshi lilikuwa na sababu gani ya kukaa na kufungua skrubu moja moja kwenye redio linazozitupa.

Nikiwa njiani kutoka nikachukua na altimita (kipimo cha kimo) ya ndege ya wakati wa vita, dola 20, kioo kimepasuka, zawadi ya binti yangu anayependa ndege. Na kisanduku cha njano chenye mkono juu na mita moja, kimeandikwa CD V-715. Kipima mionzi, dola 25. Hicho nilikinunua kwa sababu kilikuwa kizuri.

Hatari ya kwanza ya R-390A ni uzito. Kilo karibu 39, na kingo za bati zinazokata vidole. Jirani yangu wa Bukavu alinisaidia kuishusha kwenye gari, akaitua ngazini kabla hatujafika mlangoni: "Yaya, iko nzito sana hii!" Baadaye nilijifunza kwamba ndani imegawanywa vipandevipande, na ukitoa kipande cha umeme na kile cha sauti mzigo unapungua. Fanya hivyo ukiwa chini, kabla ya ngazi. Mgongo hauna spea.

Umeme nao ulinionesha kitu ambacho redio za Tanga hazikunionesha. Nilipoichomeka kwenye soketi ya jikoni, zile zinazojikata zenyewe umeme ukivuja, ilijikata papo hapo. Nikabadilisha soketi, ikajikata. Mtu mwenye haraka hapo huhamia kwenye soketi ya kawaida na kuendelea na maisha. Na hivyo ndivyo alivyofanya mwenye redio aliyenitangulia, tena akakata kile kijiti cha tatu cha plagi, cha ethi, ili iingie kwenye soketi ya zamani. Nikaweka kijiti kimoja cha maltimita kwenye bati la redio na kingine kwenye bomba la maji: volti karibu 60, redio ikiwa imezimwa. Sababu ni kichujio cha umeme kilicho nyuma, pale waya unapoingilia. Ndani yake kuna kapasita zinazounganisha umeme na bati ili kuzuia kelele, na zinavujisha kidogo hata zikiwa nzima. Jeshini redio ile ilifungwa kwenye raki yenye ethi nene, mvujo ukaenda zake ardhini. Mezani kwako, bila ethi, mvujo unakungoja wewe.

Weka plagi mpya yenye ethi kabla ya jambo lolote. Kisha pakua kitabu chake, TM 11-856A, ambacho kinapatikana bure, ukichapishe. Humo utaona jambo ambalo fundi wa mtaani hulipuuza: kila kitabu cha jeshi kimeandikwa kwa kudhani kwamba nyuma yako iko karakana yenye watu waliosomea, vifaa, na mkubwa anayekukagua. Mitumba inakuja bila watu hao. (Kwa wenye R-390A tu: badilisha kapasita C553 kabla ya kuwasha. Ikipitisha umeme inaua vichujio vya Collins, na kuvipata vingine ni mateso.)

Redio ikawaka. Sindano ya mita moja ilikuwa inakwama katikati. Na hapa ndipo mazoea ya ufundi yalipotaka kuniponza, kwa maana sindano inayokwama dawa yake kila fundi anaijua: unafungua kioo, unapuliza vumbi kwa mdomo, unarudisha. Nilikuwa tayari nimeshachomoa mita na bisibisi ndogo iko mkononi alipoingia mzee mmoja wa klabu, mstaafu wa ufundi wa redio katika kambi ya jeshi la anga ya Wright-Patterson, hapa hapa karibu na Dayton. Aliniuliza kama nimeshaifungua. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi iweke chini taratibu, halafu tukanawe mikono."

Baadhi ya mita za redio hizo zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi. Rangi ile iliwekwa kwenye sindano na kwenye namba ili zisomeke gizani bila taa. Ndiyo maana jeshi liling'oa. Mzee aliniambia maneno niliyoyashika: ukipuliza, pumzi ya pili unavuta ulichokipuliza.

Nilibisha kidogo. Nikazima taa, nikamwonesha kwamba mita haing'ai hata chembe, kwa hiyo kama kulikuwa na radiamu imekwisha nguvu. Akacheka, na huo ndio uongo ambao nasikia watu wengi wanauamini. Kinachong'aa si radiamu. Radiamu inapiga unga wa salfaidi ya zinki, na unga ndio unaotoa mwanga. Baada ya miaka kadhaa ya kupigwa, unga unachakaa na mwanga unakufa. Radiamu yenyewe hupungua nusu kila baada ya miaka 1600. Mita ya mwaka 1955 ina radiamu karibu yote iliyowekwa siku ile, na rangi sasa imekauka, imekuwa ya hudhurungi, inapukutika. Kwa maneno mengine kifaa kilichozima ni kibaya kuliko kilipokuwa kinang'aa, kwa sababu sasa kina vumbi. Pia hutoa gesi ya radoni, nayo yenye mionzi, muda wote, kwa hiyo vifaa vingi vya namna hiyo kwenye kabati lililofungwa chumbani si jambo la kufurahia.

Nje ya mwili, nyuma ya kioo kizima, ukiwa umbali wa mkono, mita moja ya redio haina madhara makubwa. Hili nalisema ili mtu asije akakimbia nyumba yake. Ubaya uko ndani ya mwili. Radiamu ikimezwa mwili huichukulia kuwa ni kalisi na kuipeleka kwenye mifupa. Wamarekani walilijua hilo kwa gharama ya wasichana waliokuwa wakipaka namba za saa kwenye viwanda vya Orange, New Jersey, na Ottawa, Illinois, ambao walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo. Taya zao zilioza. Kesi ya wale wa New Jersey ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1928, na baadhi yao walifariki miaka michache tu baadaye.

Nikakumbuka kisanduku changu cha njano. Nikakileta kwa mbwembwe, nikaweka betri, nikakisogeza kwenye mita: sindano imelala sifuri. Unaona? Mzee akaniambia nisome namba zilizo usoni. CD V-715 kilitengenezwa kwa ajili ya siku ya bomu la nyuklia, kinapima mpaka rontijeni 500 kwa saa. Kwa mita ya redio hakitatikisika, na kikitikisika wewe huna tena haja ya kupima. Kaka yake, CD V-700, ndiye mwenye kijiti cha Geiger kinachosikia vitu vidogo. Vyote viwili ni vya njano, vyote vina mkono juu, vyote vimejaa sokoni, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Ukipima kwa 715 na kuona sifuri, umejidanganya kuwa uko salama, afadhali usingepima.

Yeye alikuwa na kipimo cha kisasa chenye uso mpana wa duara, wenye utando mwembamba sana. Mezani kilikuwa kinadonoa pole pole, chini ya mara mia kwa dakika. Kwenye mita kikaharakisha. Halafu akaupitisha mkono mezani kuelekea rafuni, bila kukusudia nadhani, na kipimo kikapiga kelele mfululizo.

Ilikuwa altimita. Maelfu kwa dakika. Kioo chake kilikuwa kimepasuka tangu sokoni, na kipande kidogo cha pembe tatu kimedondoka. Ukitazama kwa kurunzi unaona kwenye ukingo wa ndani chembe za rangi ya kahawia, mfano wa ugoro. Nilikuwa nimeiweka rafuni nikisubiri kuipatia kioo kipya ndipo nimpe binti yangu. Chini ya rafu ndipo ninapoweka kikombe cha chai.

Sitaeleza sana nilivyojisikia. Mke wangu alisikia zile kelele kutoka ukumbini, akaja mlangoni, akauliza ni nini. Nikaeleza. Alinyamaza kidogo, kisha: "Baba watoto, hicho kitoke humu ndani kabla sijapakua chakula." Kikatoka. Usiku ule nililala na hesabu za kichwani: nani alikishika, nani alinawa, nani hakunawa. Binti yangu hakuwahi kukigusa, maana ilikuwa zawadi ya kumshtukiza, na hilo ndilo lililonipa usingizi karibu na alfajiri.

Usafishaji nausimulia kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo watu huharibu zaidi. Usifagie. Usitumie mashine ya kunyonya vumbi; hiyo inavuta chembe mbele na kuzitawanya nyuma chumba kizima. Tulivaa glavu za plastiki na barakoa za N95, tukapangusa kwa karatasi zilizolowa maji na sabuni, mpanguso mmoja karatasi moja, kuelekea upande mmoja, karatasi ikakunjwa kwa ndani na kuingia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha kupima. Kisha kupangusa tena. Kile kitambaa cha meza hakikusafika, kikaingia kwenye mfuko huo chote. Kikombe nacho, japo kipimo hakikusema kitu juu yake. Altimita tuliifunga kwenye mifuko miwili ya zipu, ikaingia kwenye kopo la bati lenye mfuniko, ikaandikwa ni kitu gani, ikapelekwa banda la nje.

Halafu, inatupwa wapi? Si kwenye pipa la taka. Ofisi ya kwanza niliyopiga simu ilinirusha kwa nyingine, na hiyo ikanirudisha kwa ya kwanza. Nilikaribia kukata tamaa. Njia ya kweli ni kitengo cha mionzi cha idara ya afya ya jimbo lako. Hawakunigombeza. Waliniuliza kioo kikoje, nimekipima kwa kifaa gani, kiko wapi, wakanieleza utaratibu. Kanuni za Marekani, kwa jumla, zinamruhusu mtu kuwa na vifaa vya namna hiyo vikiwa vizima, ila hazimruhusu kuvifungua wala kuvitengeneza. Saa pekee ndizo zenye unafuu. Kwa hiyo ile kazi ya kunyoosha sindano iliyokwama, mbali na kuwa ya hatari, haikuwa halali yangu. Nilinunua mita mbili mpya zisizo na rangi hiyo, dola 80. Kipimo cha Geiger changu mwenyewe kimenigharimu kuliko nilivyopenda, lakini sasa sikubali kwenda gulioni bila hicho mfukoni. Wauzaji wengine hukasirika ukikisogeza kwenye meza zao. Wakasirike.

Baada ya hapo nikawa mwanafunzi wa mambo haya. Vingine nilivikuta kwangu, vingine kwa wenzangu.

Mwenzetu mmoja, Mkenya anayeishi Columbus, alinunua sanduku la umeme la transmita ya vita. Kapasita zake ni makopo ya bati yenye vichwa vya kauri, na moja lilikuwa limelowa mafuta mazito pembeni. Alikuwa ameshayafuta kwa kidole na kunusa, kama fundi yeyote. Kwenye kopo limeandikwa Dykanol. Jina hilo, na Pyranol, na Inerteen, na Diaclor, ni majina ya biashara ya kitu kimoja: mafuta ya PCB, kemikali yenye sumu. Uzalishaji wake Marekani ulikoma mwaka 1977 na marufuku ikaja 1979. Hayaozi, yanakaa kwenye mafuta ya mwili, na yanapita kwenye ngozi. Kapasita kama hiyo ikiwa kavu na nzima unaweza kuiacha ilipo. Ikilowa, glavu, mfuko, na siku ya kukusanya taka za sumu ya wilaya. Ikiandikwa kwamba haina PCB, ni ya baadaye, pumua.

Makopo hayo hayo yana hatari ya pili, ile ninayoijua tangu Tanga, ila hapa ni kubwa mno. Transmita kama BC-610 ilikuwa inalisha valvu yake ya mwisho zaidi ya volti 2000. Redio ya nyumbani inakurusha. Hii haikurushi, inakushika. Milango ya mitambo hiyo ilikuwa na swichi za kukata umeme mtu anapofungua, na mara nyingi utakuta mwenye mali wa zamani amezipitisha waya ili afanye kazi mlango ukiwa wazi. Tazama hilo kwanza. Kisha toa chaji kwa fimbo kavu yenye rezista na waya uliofungwa kwenye ethi, hesabu polepole, halafu gusisha waya mtupu. Usiondoe waya huo. Kapasita za mafuta hujirudishia chaji zikiachwa wazi: unaimaliza, unakwenda kunywa maji, ukirudi ina volti za kutosha kukuumiza. Mkenya wetu hakuamini mpaka nilipomwekea maltimita akatazama namba zikipanda zenyewe.

Rektifaya za seleniamu (vifaa vya kunyoosha umeme), zile zenye mapezi ya bati yaliyopangwa, zikiungua hutoa harufu ya kuchefua, vitunguu saumu vilivyooza. Ukiisikia usikae kutafuta inatoka wapi. Zima, fungua madirisha, toka nje, utatafuta kesho.

Kauri nyeupe kwenye transista kubwa za redio za miaka ya 1970 na baadaye, na kwenye valvu chache zinazopoozwa kwa kugusana na bati, inaweza kuwa oksidi ya beriliamu. Kwa macho huwezi kuitofautisha na kauri ya kawaida. Ikiwa nzima, lala nayo. Ikipigwa nyundo, ikitobolewa au kupigwa msasa, vumbi lake linaharibu mapafu na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Bati lenye rangi ya dhahabu iliyopauka, hasa skrubu na fremu, mara nyingi limepakwa kadimiamu, madini yenye sumu. Ikiwa na unga mweupe au wa njano, usiisugue kwa brashi ya waya. Hapa mafundi wetu tuna ugonjwa wa kupenda kitu king'ae.

Vanishi inastahili maneno zaidi, kwa sababu inatuhusu. Redio nyingi za vita zina muhuri wa MFP (yaani zimekingwa na unyevu na ukungu) na ndani kila kitu kimepakwa kitu cha njano, kigumu, kinachonata ukikipasha moto. Vita ya visiwa vya Pasifiki na misitu ya Asia ilionesha kwamba redio iliyotengenezwa kwa hali ya hewa ya Ohio hufa kwa ukungu na unyevu baada ya muda mfupi. Ndiyo misitu ambayo askari wetu wa keya walipelekwa, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikashuka bonde la Kabaw kule Bama (Burma) mwaka 1944 katika mvua isiyokatika. Wahandisi wakaweka viuakuvu ndani ya vanishi, vingine vyenye zebaki. Mtu anayetoka Tanga, ambako kila redio ilikuwa na kutu na mende, anaweza kuiona vanishi hiyo kuwa ni neema. Ukishika solda juu yake, ule moshi usiuvute. Weka feni ya kuuvuta pembeni, usiinamishe uso.

Asbestosi, nyuzi zinazodhuru mapafu, iko kwenye baadhi ya nyaya zilizosukwa kitambaa na kwenye karatasi za kuzuia joto. Usizikate zikiwa kavu. Valvu za rektifaya kama 866A zina zebaki, unaiona inatembea kwenye kioo. Zisafirishe zikiwa wima kwenye pamba. Valvu ndogo za rada za kulinda kipokezi, zile za TR, baadhi zina mionzi, na hazina rangi wala mwanga wa kukustua. Hizo sinunui.

Kuna swali la mabomu, ambalo vijana hupenda kuuliza kwa kicheko. Si mzaha. Vifaa vya ndege vya kujitambulisha kwa rada, kama BC-966, vilikuwa na kilipuzi kidogo ndani cha kuviharibu ndege ikianguka mikononi mwa adui. Karibu vyote vilitolewa kabla ya kuuzwa. Kama unacho na huna hakika, usitikise, usifungue, usijaribu swichi. Piga simu polisi.

Juzi kijana mmoja wa Mbagala, anasoma Texas, kaniletea picha ya PRC-77, redio ya mgongoni ya Vietnam, na betri zake kumi anazouziwa kwa bei ya kutupa. Nikamwambia redio chukua, betri waachie. Za lithiamu kama BA-5598, na BA-5590 za redio zilizofuata, zina gesi ya salfa dioksaidi iliyofungwa kwa mgandamizo. Hazichajiki, na mtu akijaribu kuzichaji hupasuka. Alitaka kununua zote apeleke nyumbani kwenye kontena la mjomba wake.

Nilichomwambia kuhusu kontena ni hiki. Redio ya kurusha mawimbi ikifika Dar bila kibali cha TCRA itashikwa, na Kenya Mamlaka ya Mawasiliano ni hivyo hivyo. Kitu chenye mionzi ni mambo ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na kuandika "redio kuukuu" kwenye karatasi za mzigo hakuibadilishi radiamu. Vifaa vingine vya jeshi, hasa vya usimbaji na vya kuonea usiku, haviruhusiwi hata kutoka Marekani bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Nje ya huku. Aulize kwanza, apate majibu kwa maandishi, ndipo afunge mzigo. Ushuru wa kontena lililokwama bandarini unahesabiwa kila siku, na atakayelipa ni mjomba.